Kimya na Safari Zake Thelathini na Tisa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kambi ya wajenzi wa barabara, kilomita ya 212, mahali ambapo lami ilikuwa haijafika na mvua nayo ilikuwa mvivu. Alikuwa mtoto wa pekee wa msimamizi wa kambi. Hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, akakua akizungumza na mawe, na mawe, kama mnavyojua, hayamkatizi mtu maneno.

Mwaka 1959 alianza shule ya msingi iliyokuwa umbali wa kilomita kumi na moja. Baba yake alimnunulia baiskeli kuukuu iliyomzidi kimo, akawa anaiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Sekondari alikaa bweni, kuanzia 1967 hadi 1970. Shule ikifungwa, wenzake walipanda gari wakiimba. Yeye alipiga pedeli siku mbili hadi nyumbani.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya ujenzi, akadumu humo hadi alipostaafu mwaka 2011. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu kumi na nne za chuma, kiti kimoja, na mafaili ambayo yeye tu ndiye aliyejua yalipolala. Ukimuuliza faili, alinyoosha kidole. Ndipo wenzake wakampa jina la Kimya.

Tarehe 6 Desemba 1980 alimuoa fundi cherehani, dada wa kinyozi anayewasomea wasifu huu. Dada huyo mnamjua: mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Aliongea kwa niaba ya wawili, nyumba ikaenda. Lakini kila Agosti, kuanzia 1982, marehemu alifunga chupa nane za maji kwenye keria, akaingia peke yake katika nchi kame kwa siku ishirini na nane, kwenye njia za mchanga ambako mtu hupiga pedeli siku nne asikutane na kiumbe. Alirudi amekonda, ngozi ya pua imebanduka, na akiulizwa habari za huko alijibu, "Salama." Mkewe alibaki na swali moja lililomla moyo: huyu mume ananikimbia?

Mwaka 1988 alimtuma mdogo wake, kinyozi, akachunguze, maana watu walishaanza kunong'ona kuhusu mke mdogo, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kinyozi aliazima baiskeli, akamfuata shemeji yake kwa mbali siku mbili, kisha akageuza akiwa hawezi kukaa wala kulala chali.

"Dada," alisema alipofika, "huko hata mbuzi hakuna, sembuse mwanamke!"

Kinyozi alitegemea dada atacheka. Dada alilia. "Afadhali angekuwepo," alisema. "Ningejua wa kugombana naye."

Februari 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wa marehemu umetanuka, wakampiga marufuku baiskeli. Agosti ilipofika alikaa barazani kama mgeni ambaye hajaonyeshwa chumba. Mkewe, kumfariji tu, akatoka na kopo la mafuta ya cherehani, akachuchumaa na kuupaka mnyororo wa baiskeli kama alivyofanya kila asubuhi ya safari. Marehemu alicheka hadi akakohoa.

"Mama Watoto, mafuta na mchanga haviivi chungu kimoja. Mchanga unaganda, unaula mnyororo. Kila mwaka nikifika duka la mwisho nilikuwa nakaa chini, nayafuta yote kwa kitambaa na mafuta ya taa."

"Safari thelathini na tisa! Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuja kuchuchumaa na mimi hapa nje."

Dada akaona bora amalize palepale. "Niambie ukweli. Ulikuwa unanikimbia?"

"Nilikuwa nakusemesha. Kule peke yangu maneno yanakuja, naongea na wewe tangu alfajiri mpaka jua linazama. Nikirudi nikauona uso wako, yananikauka."

Dada hakujibu kitu, na hilo peke yake lilistahili kutangazwa redioni. Kesho yake aliigeuza cherehani ikaelekea ukutani, akakaa akimpa mumewe mgongo. "Haya," akamwambia, "fanya kama sipo."

Kwa miezi tisa marehemu alisimulia. Alianza na maneno mawili matatu kwa siku, kisha yakawa mengi, na majirani waliosikia walidhani kuna mgeni. Asubuhi ya tarehe 19 Mei 2022, saa nne, alikuwa akieleza bonde la mawe meupe alilolivuka mwaka 1997, akafika mahali akanyamaza. Mkewe aliendelea kushona, akidhani anatafuta neno, kwa sababu alikuwa amejifunza kutomharakisha. Alimaliza mkono mzima wa shati ndipo akageuka.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja ambaye ni mwalimu, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, na shemeji mmoja aliyewahi kumfuata kwa siri na hakuwahi kumwomba radhi. Mjane ameomba isemwe hapa, mbele ya wote, kwamba mume wake hakumkimbia.

Alale kwa amani. Kama lipo neno alilobakiza, mkewe bado anasikiliza.