Dole Gumba la Bi Costancia

Kijiwe chetu hapa Kilosa kimeegemea ukuta wa stesheneri. Anayechapisha mkataba akakosa shahidi anageuka tu: "Jamani, nisaidieni saini." Mnywa kahawa anasaini, anarudi kwenye kikombe chake. Mwenye birika ni mimi, Emanueli, na asubuhi ile hoja ilikuwa Bi Costancia wa Masanze. Alivunjika nyonga, mpwa wake Onesphory akamhamishia kwake, akamlisha, akamnywesha dawa, hata simu akamshikia yeye. Mwezi wa tatu wa kutunzwa, bibi akabonyeza dole gumba kwenye mkataba: mpwa anamtunza, shamba linakuwa la mpwa. Sasa bibi anatembelea fimbo na anasema hakutaka. Alhamisi kesi iko baraza la ardhi. Akishindwa, hana pa kulima wala pa kurudi.

— Huo ni ushawishi usiofaa, alianza Ditram. Tunamwita Hakimu kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kesi ya mbuzi.

— Atauthibitishaje? Ushawishi hauachi kovu! alipinga Makarius, dereva wa bodaboda, jina la kijiweni Breki.

— Si lazima athibitishe yeye. Aonyeshe tu kwamba alikuwa mikononi mwa mpwa, na mkataba unamuumiza. Hapo mpwa ndiye ajieleze.

Nikashangaa. Mara ya kwanza Hakimu kusema kitu cha maana, na akakiharibu papo hapo.

— Kwa hiyo, ukimpikia mtu ugali miezi mitatu mfululizo, kisheria umemtawala.

— Mweee! Basi mke wangu kanitawala miaka kumi na minne!

— Hilo kila mtu analijua, Breki.

— Sikiliza, alisema Breki, dawa ni dole lenyewe. Dole lililolazimishwa, alama yake hutoka imepinda. Likapimwe Morogoro!

— Wapime na uji aliokunywa siku ile. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hakimu, hapo mgeni nani?

— Uji!

Tukacheka mpaka nikamwaga kahawa. Mama mmoja wa Kimasai alikuwa amesimama pembeni akisubiri kutoa kopi ya kitambulisho. Akatusogelea.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Waitwa nani?

— Namayiana. Samahani, nauliza tu. Siku bibi anaweka dole, kuna mtu alimuuliza kama anataka?

— Si waulizwe mashahidi, alisema Breki. Majina yao yako chini ya karatasi.

Hakimu akainamia kikombe chake. Mimi nikashika birika, sikumimina.

— Mbona hamnitazami? Breki akatutazama mmoja mmoja. Jamani, msiniambie.

Ndiyo hivyo. Siku ile Onesphory alikuja hapa kijiweni na karatasi, dole limeshawekwa. Hakimu akasaini wa kwanza. Nikaweka birika chini, nikasaini wa pili, hata mstari mmoja sikusoma. Naona aibu mpaka leo.

— Na bibi mwenyewe alikuwa wapi? akauliza Namayiana.

Siku ile alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya bajaji, anatunyooshea mkono. Mimi nikadhani anasalimia, nikampungia.