Dumu Chini ya Bomba: Kumuaga Mzee Wendelin Lukelo, Mtunza Vitabu

Kabla ya yote nina jambo la kusema ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Maji yaliyoharibu vitabu vinne vya ubatizo mwezi wa nne hayakuletwa na madirisha ya Mzee Wendelin. Niliyaleta mimi.

Sasa naanza kama nilivyoagizwa. Mzee Wendelin Lukelo anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya kuitumikia Nyumba ya Vitabu ya parokia yetu kwa miaka thelathini na moja. Karatasi niliyopewa na kamati inasema niandike kwamba anapumzika kwa hiari, kwa sababu ya macho. Macho hayo yanasoma mwandiko wa mapadre wa zamani ambao mimi niliyemaliza kidato cha nne juzi siuwezi. Sentensi hiyo nimeiacha nje.

Aliajiriwa mwaka 1993. Masika ya Ifakara tunayajua: viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, chumvi inageuka uji, na kitabu ukikisahau wiki mbili kurasa zinashikana. Mzee aliilinda nyumba ile kwa saa na mkaa. Saa nne asubuhi alifungua madirisha yote kumi na mawili, saa tisa akayafunga, na kando ya kila kabati aliweka sufuria la mkaa wa kunyonya unyevu. Mwaka ambao mto Lumemo uliingia mpaka uani, alihamisha vitabu kwa baiskeli, safari kumi na nne, huku godoro lake mwenyewe likielea. Waliokuja kuchukua cheti cha ubatizo ili wafunge ndoa aliwauliza kwanza kama wana uhakika, maana kitabu cha ndoa hakina kifutio.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kunakili vitabu vilivyochakaa, kwa mkono, jina kwa jina. Alikuwa amefika mwaka 1960. Kamati ilimkubalia abaki hadi mwisho wa mwaka kesho ili amalize, na hadi wakati huo hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nimewahi kumsikia akiomba.

Mwezi wa pili wafadhili walituletea mashine ya kukausha hewa ya nyumba nzima. Fundi Fredy alitoka nayo Morogoro. Aliifunga darini juu ya makabati, akapeleka mabomba ya hewa kila chumba, akaziba nyufa za madirisha kwa mipira, akatoboa ukuta wa nyuma na kupitisha bomba jembamba la kutolea maji ambayo mashine imeyanyonya hewani. Kipimo cha unyevu cha ukutani kilisoma asilimia themanini na tisa. Siku ya tatu kilisoma hamsini na mbili, na harufu ya ukungu niliyodhani ni harufu ya vitabu ikaisha. Mzee alikisogelea kile kipimo, akakiamkia shikamoo.

Lakini Jumatatu, ilipofika saa nne, mikono yake ilifungua madirisha kama ilivyozoea. Fredy akamkuta.

“Mzee, unataka mashine ikaushe bonde zima la Kilombero?”

Tulicheka wote. Kicheko kile baadaye kikawa ushahidi dhidi yake. Baada ya siku ile hakufungua tena, nami ni shahidi. Kila saa nne alisimama dirishani, akashika komeo, akarudi kukaa.

Mimi nilikuwa nafagia na kupiga deki, na maji nilikuwa nachota kisimani. Nyuma ya nyumba nikaona maji safi yanamwagika chini mchana kutwa. Kwetu hakuna anayeacha maji safi yaende bure. Nikaweka dumu, nikaingiza bomba kwenye mdomo wake, na ili mbu wasizalie humo nikaziba kwa kipande cha sketi yangu ya bluu ya shule, nikakikandamiza kwa kijiti. Kila asubuhi nilikuwa na maji ya deki, na nilijiona nina akili.

Ijumaa moja nilikwenda Lupiro kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Mvua ikakata barabara, nikarudi Jumanne. Kumbe dumu lilijaa Jumamosi. Kitambaa kilikuwa kimevimba, maji yakakosa pa kutokea, yakarudi juu kwenye bomba, yakafurika kwenye mashine na kushuka darini hadi kabati la mwaka 1961 hadi 1964. Majina mia mbili na kumi na sita yakawa wino mtupu.

Kamati ilikaa siku hiyohiyo. Mwenyekiti Beatus alisema tatizo ni ukaidi wa mzee na madirisha yake. Paroko, Padre Amedeus, alimuuliza mbele yetu. Mzee alikuwa ameshapita nyuma ya nyumba. Niliona pembe ya kitambaa cha bluu mfukoni mwake.

“Nilifungua madirisha,” alisema.

Hakuna aliyemuuliza siku gani. Hakuna aliyeuliza dirisha linamwagaje maji kutoka darini. Miaka thelathini na moja ilimalizwa kabla chai haijapoa, nami nilikuwa pale, nimeshika birika, nikiwamiminia.

Nje alinirudishia kitambaa changu, amekikamua vizuri.

“Mimi nilikuwa naondoka, Ritha. Wewe ndiyo kwanza unafika. Usimwambie mtu.” Nikamwahidi.

Kisha akarudi ndani, akaiomba kamati kitu kimoja: apewe miezi sita azunguke Lupiro mpaka Sanje, awaulize wasimamizi wa ubatizo ambao bado wako hai, ayarudishe yale majina. Alijibiwa kwamba vijana watafanya. Mpaka leo hakuna kijana aliyetumwa. Nilipotafuta siku aliyobatizwa yeye ili niiweke hapa, nilikuta kitabu cha 1962, ukurasa wa bluu tupu. Ndiyo maana wasifu huu hauna tarehe hiyo.

Kamati imemwandalia zawadi ya miwani.

Mzee Wendelin, asante kwa kila jina ulilolikausha. Tunakuombea huko Lupiro unakohamia mpunga mzuri, magoti yasiyouma, na nyumba ambayo madirisha yake utayafungua saa unayotaka wewe.

Nyinyi mlioshika karatasi hii, yeye hataisoma. Huwa anasema sifa za mstaafu ni kama za marehemu, zinasomwa na wengine. Ataikunja aiweke mfukoni. Mwenye swali aniulize mimi, dumu bado liko nyuma ya nyumba. Ila yeye msimwambie kwamba mnajua, kwa sababu nilimwahidi. Na mkimwomba arudi aandike upya majina kuanzia mwaka 1961, mwambieni ni kwa ajili ya mwandiko wake tu.