Mlango Niliomfungia Mama Mianda

Sogeeni, Stany, na wewe Fidélie, wala usizibe pua, mwanangu. Harufu hii ni ya baba yako, na kabla sijaondoka ninalo la kuwaambia.

Mnajua waganga wa hospitali kule Lubumbashi walinitoa kibofu chenye kansa, wakanishonea kingine kwa kipande cha utumbo wangu. Hiki hakinipi habari kikijaa: natazama saa, nakojoa nimekaa, nalegeza mwili huku nikibana tumbo kwa mikono, na nikilala kinavuja. Aliyenifundisha ni muuguzi Kanku, Mkasai, aliyenibadilishia mashuka wiki tatu bila kukunja uso, akiniita tata, yaani baba, nami nilishindwa kumtazama machoni.

Nyumba hii ya Kapata haikuwa yetu. Ilikuwa ya Badibanga, fundi umeme, jirani yangu miaka kumi na minne, na mkewe Mianda ndiye aliyekupokea wewe Fidélie ulipozaliwa ghafla. Mwaka wa tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa mkoani kwetu ati warudi kwao, vijana walikuja na mapanga wakawatoa, nami niliyekula nao sikusema neno. Siku iyo hiyo niliingiza kitanda changu humu. Wao walilala kwenye gare, stesheni pale, wiki nyingi wakingoja treni, maelfu ya watu, bila choo. Mchana mmoja Mianda alirudi kwa miguu, tumbo linamuuma, akasimama mlangoni.

«Tata Mwenze, nyumba mubaki nayo. Naomba tu niingie mu choo, kisha nitarudia ku gare.»

Niliogopa majirani wangesema namficha Mkasai. Nikamjibu, «Hii choo haiko yako tena,» nikafunga. Dirishani nilimwona akienda, kitenge kimelowa mpaka miguuni, watu wakimcheka, naye hakugeuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Sisemi Mungu amenilipiza kwa ugonjwa. Wengi wanaumwa bila kosa. Ila sasa najua alikuwa anaomba nini.

Badibanga alifia ndani ya wagon ya treni, hawajafika Kamina. Mianda nasikia yu hai, Mwene-Ditu, kwa binti yake Blandine. Stany, nenda mwenyewe, usitume barua. Mwambie nyumba ni yake, karatasi ziko kwa pasta Barnabé. Na umrudishie maneno yangu ya mlangoni jinsi yalivyo, usiyalainishe, umwambie nayajutia. Akikufukuza, toka kwa heshima. Najua watoto wenu wamezaliwa humu. Nikasirikieni mimi, yeye msigombane naye.

Siku ya kunizika msinisifu. Mungu awabariki, ninyi na watoto wenu, awape ule ujasiri... niliokosa mimi. Pumzi inaniishia. Stany... treni ya Mwene-Ditu inapita Tenke Jumanne. Usiikose.