Mshika Breki wa Treni ya Milima

Wasikilizaji wapendwa, mpo? Sogezeni vikombe vya kahawa, mkae. Mimi ni Irja wenu, na leo namkumbuka Taisto Kuivalainen. Taisto Kuivalainen, mshika breki wa treni ya milima pale bustani ya michezo ya Harjula. Amefariki tarehe tatu mwezi huu, akiwa na miaka sabini na minne. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Tulikuwa watu saba, pamoja na mchungaji. Saba! Siku treni yenyewe ilipovunjwa, mji mzima ulifurika pale, watu wakalia, wakagombania vipande vya mbao wakaviweke sebuleni. Nimekasirika, na sifichi.

Kwa ambao hamkuiona: treni ile ilikuwa mchezo wa kujifurahisha, inapanda na kushuka kwa kasi vilima vilivyojengwa kwa mbao, na breki yake ilishikwa na mtu. Mtu huyo alisimama nyuma kabisa, mkono kwenye wenzo, akapanda na kushuka na abiria kila mlima. Mvua ikinyesha, reli zinateleza, anavuta mapema. Abiria wakiwa wazito, anavuta zaidi. Miaka thelathini na minne Taisto alifanya kazi hiyo. Narudia: miaka thelathini na minne, na hakuna aliyeumia hata mmoja.

Lakini mtu anayesimama nyuma anaona nini? Anaona visogo. Jirani yake, mzee Urho Tiilikainen, aliyekuwa akiingia naye sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, kila Jumamosi, alinichekesha kidogo pale makaburini.

"Irja, tukienda sokoni ananigusa kiwiko. 'Yule pale mwenye upara, alipanda mwaka juzi na mchumba wake, mchumba akatapika.' Namwambia, we mzee, unawajua watu kwa visogo kama kinyozi! Msalimie basi. Anasema, 'Nimwambie nini? Yeye hanijui.'"

Kweli, hatukumjua. Mimi mwenyewe nimepanda treni ile labda mara ishirini, na sikuwahi kumtazama usoni. Aibu inanishika hapa nilipoketi.

Mkewe, Lempi, alizikwa tarehe thelathini Aprili. Kesho yake ilikuwa Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi, bustani inafunguliwa, mji mzima uko nje na kofia nyeupe za sikukuu. Mshika breki mwenzake alikuwa mgonjwa. Taisto akavaa sare. Binti yao wa pekee, Marketta, akasimama mlangoni.

"Baba, hata leo?"

"Treni haina mtu wa breki."

"Na mimi je, nina nani?"

Baba alifunga vifungo vya koti, akatoka. Marketta akarudi kwake, mjini Turku, jioni ile. Kwa miaka kumi na mmoja hawakupigiana simu. Taisto hakuwa katili, jamani. Alikuwa mtu wa kwetu tu: neno likimkwama kooni, analimeza pamoja na kahawa.

Ikafika Jumapili ya mwisho, mwezi wa Septemba, siku treni inafungwa moja kwa moja. Saa nane mchana, mabehewa yamejaa. Taisto kashika breki. Kiti cha mbele kabisa akaona kisogo, nywele zimeanza mvi, na kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto. Marketta alilipata alipojigonga kwenye meza ya jikoni, akiwa na miaka mitatu. Taisto alimsimulia Urho habari hii mara moja tu, saunani, macho yakiwa ukutani, naye Urho akanisimulia mimi.

"'Mtoto wangu alikuja, Urho. Nikasema moyoni, akigeuka tu, namwita. Mbele ya watu wote namwita. Mlima wa kwanza, hakugeuka. Wa pili, hakugeuka. Milima saba! Akanipa kisogo mpaka mwisho.' Nikamwambia, si umpigie simu, kichwa ngumu wewe! Akamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, mazungumzo yakaishia hapo."

Treni iliposimama, Taisto aliinamia breki, wasimwone akilia. Alipoinua kichwa, Marketta hayupo, abiria wapya walikuwa wameshaketi. Aliishi miaka minane zaidi, peke yake kwenye vyumba viwili. Jumamosi moja hakuja sauna. Urho akapanda ngazi, akamkuta kwenye kiti cha jikoni, ameshakufa.

Jana nilimpigia Marketta. Nikamuuliza bila kuzunguka: dada yangu, mbona hukugeuka?

"Nilikuja kwa ajili yake," akasema. "Nilijua yuko nyuma yangu, nilimsikia akikohoa kabla hatujaondoka. Lakini nilipokuwa na miaka sita, siku ya kwanza kunipandisha, alinishika mashavu akaniambia: Marketta, humu ndani hatugeuki nyuma, iwe iwavyo, shingo itaumia. Wewe ni mtoto wa mshika breki, wewe ndiye wa kwanza kutii. Nilitaka aone kwamba bado namsikiliza. Tuliposimama ndipo nikageuka. Nikamkuta ameinamisha kichwa. Nikajua hataki kuniona."

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia wenyewe. Pole, Marketta. Pole sana, dada yangu. Pole, mzee Urho, Jumamosi zako sasa zitakuwa ndefu. Na wewe unayenisikiliza, unayemngoja mtu wako ageuke kwanza: zima redio. Ndiyo, nizime mimi. Mwite.