Saini ya Mkuu wa Idara

Kwenye basi la chuo, kiti cha mbele yangu, binti mmoja mwanafunzi alikuwa ameikunjakunja fomu ya malalamiko. "Wameirudisha, mama. Eti haina saini ya mkuu wa idara."

"Si umpelekee asaini, mwanangu," akasema mama aliyekaa naye, karani wa masjala, kitambulisho shingoni.

"Ndiye aliyenishika kiuno! Nimpelekee na kalamu?"

Ghafla abiria wote tukapata la kutazama dirishani. Mama akashusha sauti. "Utaratibu ndio huo. Fomu zisizo na saini huwa nazirudisha mimi."

"Na tangu uanze kazi, ngapi zimekurudia zimesainiwa?"

Basi likasimama. Dereva akageuka: "Mama, leo hushuki?"

Mama akabaki kitini, macho kwenye ile fomu iliyokunjwakunjwa.