Kifuko Kisicho na Shingo

Ndugu waombolezaji, majirani wa kijiji chetu cha Koulo, nanyi mliovuka maji kuja kutufariji, haya ndiyo maisha ya dada yetu Kalolaine Fakahau, kama familia ilivyoyakumbuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Koulo, mtoto wa kwanza wa Mzee Maika na Mama Seini, akasoma shule ya hapa hapa, akaenda Suva mwaka 1988 kujifunza eksirei na altrasaundi, akarudi Novemba 1991 kufanya kazi katika hospitali ya kisiwa, na tangu siku hiyo hakuachiliwa tena.

Tarehe 7 Mei 1994 alifunga ndoa na Bwana Semisi, wakajaliwa Losaline na Viliami, na mume alipohamia Auckland na watoto mwaka 2006, marehemu aliomba mara sita aachiliwe awafuate, mara zote sita akaambiwa asubiri mtu wa kumpokea kazi, hata watu wakamtania kwamba ameolewa na mashine.

Mtu pekee aliyefundishwa na marehemu kazi hiyo ni mdogo wake, Siaosi, fundi wa vifaa vya hospitali, pazia likiwa katikati yao, maana mnaijua heshima ya kaka na dada kwetu, akamweleza kwamba kifuko cha maji nyuma ya goti huwa na shingo inayopenya kati ya kano mbili, na kisicho na shingo kisiitwe maji.

Juni 2017 goti lake la kushoto lilivimba kwa nyuma. Kwa miezi minane alijipima mwenyewe kwa msaada wa kioo cha kunyolea, akijiandikia kuwa ni maji, kwa kuwa aliyeweza kumpima vizuri alikuwa ndugu asiyeruhusiwa kuutazama mguu wake. Siaosi alimwona akichechemea, akaona aibu kumuuliza.

Tarehe 20 Februari 2018 alijifunika shuka gubigubi, akaacha goti tu, akamwita.

"Usinitazame mimi, tazama mashine. Kina shingo?"

Siaosi alitafuta sana.

"Hakina, dada."

Ilikuwa saratani, nayo ilikwishafika mapafuni. Alipelekwa Auckland, akakaa na mumewe na wanawe siku mia moja na tisini, ndiyo likizo yake yote, akafariki tarehe 3 Septemba 2018.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa huku na kule, majirani mliopika tangu juzi, na wafanyakazi wenzake. Anayewasomea ni Siaosi, amesimama hapa mlangoni na mkeka wake wa maombolezo, uliochakaa, kiunoni, maana hata leo haruhusiwi kulikaribia jeneza.

Dada, mtu wa kukupokea kazi amepatikana, anashika mashine Jumatatu. Kapumzike sasa kwa amani.