Mti Mwembamba na Gunia la Mwalimu

Mwalimu mstaafu alikuwa akimhoji muuza miche ndani ya basi kama mtu anayemposea mwanawe, na fundi cherehani aliyekaa nyuma yao akatega sikio.

"Nataka mti mwembamba, mama. Kati ya ukuta wangu na wa jirani pana hatua moja tu. Kile kichaka cha lantana nilichoking'oa kilishafika dirishani." Muuza miche akainua mche mmoja. "Huu hapa. Unapanda juu kama nguzo, hautanuki." "Na mizizi?" "Ina adabu kuliko wapangaji, mzee."

Mwalimu akaguna. "Hata lantana nilipewa kwa sifa hizohizo. Miaka sita nafyeka, inarudi na wenzake. Anayempa mtu mmea ule hana utu!" Fundi akatikisa kichwa kwa huruma. Mzee wa watu!

"Na gunia hilo?" muuza miche akauliza, akionyesha gunia lililokuwa miguuni pa mwalimu. "Vipandikizi vya lantana hiyohiyo. Nampelekea mkwe wangu, kiwanja chake kipya ki wazi mno."

Basi likasimama. Fundi akainuka, mwalimu naye akainuka. "Kumbe tunashuka pamoja, binti?" mwalimu akamwambia fundi. " Hebu nishikie gunia. Mkwe wangu amehamia nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja."